Vidonge 12 vya Baba Mdogo

Baba Mdogo: Alhamdulillah wanangu, homa imekata tangu asubuhi. Dawa ya malaria, mseto, vimebaki vidonge 12, naviweka. Mtoto akiumwa vitatufaa.

Mama Mdogo: Bora apumzike, dawa kali ile na hata kula hali.

Zuhura: Shikamooni. Baba Mdogo usiviweke, tafadhali! Hivyo 12 ni vyako. Mtoto akiumwa apimwe kwanza, na dozi yake inaangalia kilo.

Baba Mdogo: Marahaba mama. Si nimepona lakini?

Zuhura: Homa imeshuka, wadudu bado wamo. Kidonge kimoja kina dawa mbili. Artemetha inawapiga haraka, ndiyo iliyokupa nafuu, ila saa chache tu imeshatoka mwilini. Wanaobaki wanamalizwa na lumefantrini, ambayo inakaa kwenye damu siku kadhaa. Ukikatisha leo itakuwa kidogo, na malaria itarudi. Asubuhi ulimezea nini?

Baba Mdogo: Chai ya rangi. Mdomo mchungu.

Zuhura: Hapo sasa. Lumefantrini inataka mafuta ndiyo iingie kwenye damu. Tumbo likiwa tupu, nyingi inapita tu na kutoka. Jioni hii apate uji wa maziwa, au wali wa nazi, hata karanga.

Mama Mdogo: Jamani! Na mimi namnyima mafuta makusudi, nikiogopa nyongo 😢

Zuhura: Hukukosea peke yako Mama Mdogo, wengi hawaambiwi dirishani. Inaniuma sana hiyo.

Shangazi: Kumbe ndiyo miaka minne yote mnasoma haya? Nilijua famasia ni kuhesabu vidonge.

Zuhura: Kuhesabu ni dakika moja Shangazi. Kazi ni kujua dawa inaingiaje, inafika wapi, ini linaivunjaje, inatoka lini. Ndiyo maana tunauliza "unatumia dawa gani nyingine?" Mtu aliye kwenye rifampisini ya kifua kikuu, ini lake linavunja mseto upesi mno. Anameza vidonge vyote 24 vya dozi sawasawa, na bado anaweza asipone. Kwenye boksi kwa macho huoni kitu.

Shangazi: Na sisi tukiulizwa tunaona mnatupotezea muda.

Mama Mdogo: Nazi nimeshakuna. Saa 1 anakula.

Baba Mdogo: Nimekula, nimemeza vinne.

Zuhura: Asante baba. Kesho vinne asubuhi, vinne jioni, na chakula. Ukitapika nipigie hapohapo.