Mada: Saa za mafunzo zinahesabiwa kwenye zile 20? Ofisi ya chuo imeniita Alhamisi

Kutoka: Binti wa Kibirizi
Jumanne, 9 Julai 2024

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari za kazi.

Nina jambo limeninyima usingizi. Nasoma masters hapa Uingereza, kozi yangu kwenye CAS (uthibitisho wa chuo wa kuombea viza) inaisha mwishoni mwa Septemba, na nafanya kea kwenye nyumba ya wazee kupitia ejensi. Jana ofisi ya chuo inayoshughulika na wanafunzi wa kigeni imeniandikia kwamba wiki moja ya Juni nimevuka zile saa 20 za kazi kwa wiki ambazo viza ya mwanafunzi inaruhusu masomo yakiendelea. Wanataka niende Alhamisi hii na slipu za mshahara na rota. Chini wameweka ile sentensi kwamba chuo kina wajibu wa kutoa taarifa UKVI, idara ya viza ya Uingereza.

Wiki yenyewe ilikuwa hivi. Rota ilikuwa na shifti mbili za usiku, jumla saa 16. Jumatano saa nne usiku meneja akatuma ujumbe: kesho mafunzo ya lazima ya kunyanyua wagonjwa, asiyekuja hapangiwi shifti tena. Nikaenda. Saa 8 tunamvisha mdoli mikanda na kumnyanyua kwa mashine kutoka kitandani hadi kwenye kiti, mmoja baada ya mwingine. Kwenye slipu mstari wa mafunzo upo: saa 8, malipo sifuri.

Swali langu ni hili moja: saa za mafunzo ambazo hazikulipwa zinaingia kwenye zile 20 au haziingii?

Mnajua hali ya nyumbani. Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 mpaka Agosti 15, baba ni mvuvi, mitumbwi iko juu ya mchanga, na wadogo zangu wawili wako bweni. Wanakula na kusoma kwa hizi shifti zangu.

---

Kutoka: Kaka wa Isevya (Coventry)

Dada, tulia, unahangaika bure. Juni vyuo vimeshafunga, na likizo mwanafunzi anafanya kazi saa zozote. Mimi nikiwa digrii ya kwanza nilibeba boksi ghalani saa 48 kwa wiki kiangazi kizima, nikalipa kodi ya nyumba ya miezi minne kwa mkupuo. Hakuna aliyeniuliza. Wapelekee kalenda ya chuo, yaishe.

---

Kutoka: Mama Mwanga

Isevya mwanangu, tafadhali usimpoteze mtoto wa watu. Wewe mwenyewe umesema ulikuwa digrii ya kwanza. Huyu ni masters. Kiangazi cha masters ndicho cha kuandika tasnifu, na kwa UKVI huo ni muda wa masomo mpaka kozi iishe. Wa PhD ndiyo kabisa, likizo yao ni ile waliyokubaliana na msimamizi, basi. Kila mwaka nawaambia na kila mwaka anatokea mtu na hadithi ya kiangazi chake.

Binti, pole sana. Mambo mawili. Kwanza, wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna wastani. Ukifanya 10 wiki hii huwezi kufanya 30 wiki ijayo ukasema zimelingana. Pili, tazama shifti zako za usiku. Kama mojawapo ilianza Jumapili usiku ikaisha Jumatatu asubuhi, saa za baada ya usiku wa manane ni za wiki nyingine. Chukua kalamu uzigawe upya siku kwa siku kabla hujaenda. Nimewahi kukaa na kijana wa kwetu tukazigawa hivyo, wiki iliyosomeka 22 ikarudi 18.

---

Kutoka: Binti wa Kibirizi

Ahsante sana mama. Nimezigawa. Shifti zilikuwa Jumatatu usiku na Ijumaa usiku, zote zimeangukia wiki ileile. Bila mafunzo ni 16, na mafunzo ni 24. Kila kitu kinategemea hayo mafunzo.

---

Kutoka: Msomi wa Kasulu (Dortmund)

Mwakeye ndugu zangu. Huku Ujerumani hesabu ni ya siku, na naona ina utu zaidi. Tangu Machi mwaka huu mwanafunzi anaruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Zamani zilikuwa 120 na 240. Nusu siku ni kazi isiyozidi saa nne. Mimi nina daftari, kila siku ya kazi naandika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na msimamizi wa zamu anaweka sahihi pembeni. Wenzangu waliona nimezidi. Nilipokwenda kuongeza kibali, afisa aliuliza maswali kuhusu mwezi mmoja tu, nikalifungua daftari mezani, akapiga picha kurasa mbili, tukaendelea na mengine. Mwenzangu wa Kigoma Mjini alikwenda na kumbukumbu za kichwani. Alirudishwa mara kadhaa mpaka kibali cha zamani kikaisha muda.

Kwa hiyo dada, andika kila kitu. Hata ule ujumbe wa meneja wa saa nne usiku, uhifadhi.

---

Kutoka: Kaka wa Isevya

Mama, sawa, nimekusikia kuhusu masters. Lakini hizo shifti za usiku nazo zitazamwe. Kama alikuwa analala pale kazini, Mahakama ya Juu ilishaamua Machi 2021 kwamba saa za kulala si saa za kazi. Hapo anabaki chini ya 20 hata mafunzo yakihesabiwa.

---

Kutoka: Mama Mwanga

Hukumu ile ilihusu kima cha chini cha mshahara kwa mtu anayelala kazini. Haikuzungumzia viza hata neno moja. Usimpe mtu silaha ya kesi nyingine akaingia nayo ofisini.

---

Kutoka: Binti wa Kibirizi

Na kaka, mimi silali. Ni usiku wa macho. Wazee wasiojiweza tunawageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda, na kila ukigeuza unaandika saa na upande aliolalia. Usiku ukiwa na wawili wanaoita "mama" mpaka alfajiri, hata kukaa hukai.

---

Kutoka: Mtoto wa Gungu

Poleni jamani. Haya ndiyo yaliyonitoa kwenye ejensi. Mimi sasa nasuka nywele nyumbani kwangu Jumamosi, na mzigo ukija nauza dagaa na mawese. Hakuna rota, hakuna meneja wa kunitumia ujumbe usiku, na muda wa kusoma ninao. Dada, fikiria njia hii.

---

Kutoka: Mama Mwanga

Gungu, futa huo ujumbe kama unaweza. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri kabisa, hata saa moja. Zile 20 ni za kuajiriwa. Kusuka kwa malipo ni kujiajiri, kuuza dagaa ni biashara, na hawa vijana wanaosambaza chakula kwa baiskeli kwa akaunti ya rafiki wako palepale. Afadhali mtu mwenye slipu ya saa 24 anayeweza kujieleza kuliko wewe usiye na karatasi yoyote ya kujitetea.

---

Kutoka: Mtoto wa Gungu

Mama, kwa heshima zote, Pasaka ulichukua dagaa kilo mbili kwangu.

---

Kutoka: Mama Mwanga

Nilichukua, na walikuwa dagaa wazuri wasio na mchanga. Leo nakwambia uache, kwa sababu nakupenda na nilikuwa sijui uko kwenye viza gani.

---

Kutoka: Mnyamwezi wa Urambo (Winnipeg)

Mwangaluka wote. Kwa walioko Kanada, msije mkasoma uzi huu mkachanganya. Ile ruhusa ya kupita saa 20 nje ya chuo iliisha 30 Aprili mwaka huu. Serikali imetangaza kwamba itakuwa 24 msimu ujao wa masomo, lakini leo hii bado ni 20. Nina wadogo zangu wawili hapa wameanza kupangiwa 24 na bosi anawaambia "si wameshatangaza". Kutangazwa siyo kuanza.

Marekani nako mdogo wangu yuko kwenye viza ya mwanafunzi ya F-1. Mwaka wa kwanza kazi ni ndani ya chuo tu na isizidi 20 masomo yakiendelea. Alipata kazi maktaba, anapanga vitabu. Nje ya chuo mpaka apitie kwa DSO, afisa wa chuo wa wanafunzi wa kigeni, na bila CPT (ruhusa ya kazi ya mafunzo) kwenye I-20, cheti chake cha uanafunzi, hagusi.

---

Kutoka: Mzee wa Ujiji (Malmö)

Wanangu, nawasoma nasikitika. Hapa Uswidi mwanafunzi hawekewi kikomo cha saa. Kinachotazamwa ni kama unafaulu masomo, maana ukiomba kuongeza kibali lazima uonyeshe maendeleo. Na hapo ndipo vijana wetu wanapozama. Kikomo hakipo, basi mtu anafanya kazi ya usafi alfajiri, mgahawani jioni, mitihani anaishindwa, kibali kinakataliwa. Nimewasindikiza wawili uwanja wa ndege. Mmoja mama yake alikuwa ameshaanza kujenga Katubuka kwa pesa zile.

Naliweka wazi hili kwa sababu linanichoma. Nyumbani hawaambiwi ukweli. Binti huyu anatafuta saa 20 kwa pauni 11.44, hiyo ni pauni 228 na senti zake kwa wiki kabla ya nauli na kodi ya chumba, na watu Kibirizi wanaamini binti yao yuko Ulaya amekalia fedha. Serikali nayo kila mwaka inatusifu diaspora kwa pesa tunazotuma, lakini kura hatupigi kutoka huku, na uraia pacha umebaki kuzungumzwa miaka nenda rudi.

Enzi zetu tulisoma Tabora. Tulipanda treni Kigoma jioni, Uvinza usiku, Kaliua, Urambo, na Tabora mabehewa yanapangwa upya, ya Mwanza yanakwenda kwake. Wauza asali wanapita dirishani na chupa, na msimu wa maembe behewa zima linanukia. Ukiwa na shilingi chache ulikula ukashiba. Sasa nasikia treni ya umeme imeanza Dar mpaka Morogoro. Kigoma sijui nitaiona lini, maana huko hata mkataba hawajasaini.

---

Kutoka: Kaka wa Isevya

Mzee shikamoo. Mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Kilichobaki ni kasi ya ujenzi.

Dada, na wewe tazama msimbo wa kodi (tax code) kwenye slipu. Ukifanya saa 20 mwaka mzima kwa 11.44 hufiki pauni 12,570, kwa hiyo kama hiyo ndiyo kazi yako pekee hupaswi kukatwa kodi ya mapato. Na wiki isiyozidi pauni 242 haikatwi NI, yaani bima ya taifa. Ejensi nyingi zinakuandika msimbo wa BR, unakatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza. Ingia HMRC, mamlaka ya kodi, urekebishe, hizo pesa zinarudi. Kwangu zilirudi, na ndizo zilizonilipia mahafali.

---

Kutoka: Mzee wa Ujiji

Marahaba. Kusaini na kuona reli ni mambo mawili, mwanangu.

---

Kutoka: Mtoto wa Gungu

Samahani kuingilia. Mimi kadi yangu ya BRP, ile ya kibali cha kuishi, imeandikwa inaisha 31 Desemba 2024 na kozi yangu ni mpaka 2025. Ina maana viza imekatwa?

---

Kutoka: Kaka wa Isevya

Haijakatwa. Kadi nyingi zimeandikwa hivyo kwa sababu wanahamia eVisa, viza ya mtandaoni. Tarehe halisi iko kwenye barua yako ya viza. Fungua akaunti ya UKVI mapema, na mwajiri utampa share code, namba ya kuthibitisha viza yako mtandaoni.

---

Kutoka: Mnyamwezi wa Urambo

Jamani, aliyeuliza ni Binti wa Kibirizi, na Alhamisi ni keshokutwa. Kuna mwenye jibu la mafunzo yasiyolipwa?

---

Kutoka: Msomi wa Kasulu

Ninavyoelewa, kutolipwa hakuondoi kazi. Hata kazi ya bure UKVI wanaihesabu kama kazi. Lakini mafunzo darasani sijui Uingereza wanayaweka fungu gani. Huku kwetu yangehesabiwa siku nzima.

---

Kutoka: Kaka wa Isevya

Huku si kwenu. Mimi nina wenzangu watatu walipewa mafunzo ya ejensi na hakuna aliyehesabiwa.

---

Kutoka: Mama Mwanga

Hawakuhesabiwa kwa sababu hawakuulizwa, Isevya. Huyu ameulizwa.

Binti, sikiliza. Usiende peke yako na usiende na maneno ya huku. Kesho asubuhi nenda kwa mshauri wa chama cha wanafunzi, wale hawako chini ya ile ofisi iliyokuita, na umwombe aingie nawe Alhamisi. UKCISA, shirika linaloshauri wanafunzi wa kigeni, nao wana simu ya ushauri kwa wanafunzi, piga leo kabla hawajafunga, uulize swali lako la mafunzo kama ulivyotuuliza sisi. Yaliyoandikwa na ejensi yabebe yote: mkataba, rota ya wiki ile, slipu yenye ule mstari wa sifuri, na ujumbe wa meneja uchapishe uonekane saa na tarehe. Hiyo sifuri nayo isipite hivihivi. Mafunzo ambayo mwajiri amekulazimisha anatakiwa ayalipe angalau kima cha chini, sheria iko wazi. Wakikuuliza kwa nini ulikwenda, ujumbe utasema wenyewe kwamba usingepangiwa shifti tena.

Wiki hii usipokee shifti yoyote ya ziada hata wakikupigia wakilia. Ada ya wadogo zako niachie mpaka ziwa lifunguliwe, nimeshazungumza na Mzee wa Ujiji pembeni na tumegawana. Nipigie jioni baada ya saa moja, kabla ya hapo niko wodini sishiki simu. Alhamisi nina mapumziko, nitakuja kwa treni ya saa mbili na nusu asubuhi. Unisubiri pale mlangoni mwa stesheni upande wa mabasi.