Mutoto alipona macho ya njano, sasa damu yote imeshuka. Ni virusi?

Mama_Ibanda: Bandugu wa Bukavu munisaidie. Mutoto wangu ana miaka 7, mwezi wa tano macho ilikuwa njano, mukojo kama chai ya rangi, bakapima epatiti A, B na C zote hakuna, akapona akarudi ku masomo. Sasa kisha miezi mbili na nusu hivi anachoka tu, akisugua meno fizi zinatoka damu, na ku miguu kuko vidoti vyekundu kama mutu alimuchoma na sindano, nikibonyeza na kidole havipotee. Hemogramu (kipimo cha damu): emoglobini ya globuli nyekundu 5, plakete za kugandisha damu 11.000, globuli nyeupe nazo chini. Dokta anasema pengine uboho wa mifupa umeacha kutengeneza damu. Ni ile epatiti? Jirani anasema ni ugonjwa wa ukoo wa baba yake, nimechoka na hayo maneno.

Papa_Kadutu: Pole mama. Wangu ni SS (ugonjwa wa selimundu), damu ilishuka hivyo hivyo, bakasema ni kirusi kinaitwa parvovirusi B19. Tulimuongezea damu, siku kumi tu akapanda mwenyewe. Usiogope.

Labo_Goma: Papa, yako ni ingine. Parvo inapiga sana mbegu za globuli nyekundu, na za mutoto SS haziishi siku nyingi, ndio maana inashuka haraka kisha uboho unaamka. Ya mama zimeshuka aina zote tatu: globuli nyekundu, nyeupe na plakete. Epatiti isiyo A wala B wala C, kisha miezi 2 ao 3 uboho unakauka, hiyo inajulikana kabisa, ila kirusi chenyewe mara nyingi hakishikwe. Kinachoua uboho ni kinga ya mutoto mwenyewe iliyogeuka, njo maana dawa ni za kutuliza kinga, kama siklosporini, ao uboho wa ndugu yake. Wapime pia virusi vingine, EBV, CMV na VIH (ya ukimwi), na wachukue uboho wenyewe waangalie kama si kansa ya damu. Aliwahi kupewa kloramfenikoli, ile antibiotiki inayoweza kuharibu uboho? Lakini kusema kweli kwa watoto wengi chanzo hakionekane. Asipirini na ibuprofeni hapana, sindano ya ku tako pia hapana.

Mama_Ibanda: Kloramfenikoli hapana. Sindano walimupiga juzi, tako limevimba na limekuwa jeusi. Ana kaka na dada, baba mumoja mama mumoja.

Labo_Goma: Kila mumoja ana nafasi 1 kwa 4 ya kufanana naye ili amupe uboho. Kama damu ingine iko, watu wa familia wasimutolee, mwili wake unaweza kukataa uboho wao kesho.

Mama_Ibanda: Yesu. Baba yake iko ku foleni kutoa damu saa hii, acha nimupigie.