Kikundi cha Familia: Hesabu ya Zuhura

Mama Zuhura: Jamani, Zuhura kakwama. "Katika klabu, uwiano wa wavulana kwa wasichana ni 3:5. Wasichana wamewazidi wavulana kwa 14. Klabu ina wanachama wangapi?"

Baraka: 3+5=8. 14÷8... mbona haigawanyiki 😅

Mjomba Saidi: Baraka, hiyo 8 iache kwanza. 14 ni idadi ya nani? Ya wote, ya wasichana, au ni tofauti yao?

Mama Zuhura: Shikamoo mjomba, ni mimi Zuhura. Ni tofauti.

Mjomba Saidi: Marahaba mwanangu. Tofauti hiyo ni sehemu ngapi?

Mama Zuhura: 5 toa 3, sehemu 2. Kwa hiyo sehemu moja ni 7. Wavulana 21, wasichana 35. Wote 56!!

Mjomba Saidi: 👏🏾 Hakiki: 35 toa 21 ni 14. Sawa.

Shangazi Rehema: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wangesema "wote ni 56" ungegawa kwa 8. Wangesema "wasichana ni 35" ungegawa kwa 5. Uwiano ni uleule, soma namba uliyopewa inahesabu nini.

Baraka: Sisi tulikuwa tunazidisha mshazari tu, x inatoka yenyewe

Shangazi Rehema: Ehee. Mafundi 6 wanajenga ukuta kwa siku 10. Mafundi 4 wenye kasi ileile watatumia siku ngapi?

Baraka: 6/10 = 4/x. 6x = 40. Siku 6 na theluthi mbili

Mama Zuhura: Kaka, mafundi wamepungua halafu wanamaliza mapema? 😂😂

Baraka: 🙈

Shangazi Rehema: Mshazari wako unafaa pale vitu viwili vinapopanda pamoja na kushuka pamoja. Hapa kimoja kikishuka kingine kinapanda, huo ni uwiano kinyume. Kisichobadilika ni kazi yenyewe: 6×10, yaani siku 60 za fundi mmoja. Gawanya kwa 4.

Mama Zuhura: Siku 15. Shangazi, na hii ya ramani? Skeli 1:50,000, barabara ni sm 4. Nimepata 200,000 lakini jibu linatakiwa kwa km

Mjomba Saidi: 200,000 za nini?

Mama Zuhura: Aaa, sentimita. Kilomita moja ina sm 100,000, basi km 2.

Baraka: Mafundi 5, siku 12?

Shangazi Rehema: 12 kamili.

Mama Zuhura: Sasa ni mama mwenyewe. Simu imebaki chaji 3%, mengine kesho.