Tupeane uzoefu: mnyama yuko langoni, simu haishikwi. Ulijitengenezea nini?

Mkaazi wa Rongai (mwenye mada)
Usiku wa kuamkia leo mbwa wa mtaa wetu wamebweka tangu saa nane hadi alfajiri. Kulipokucha, kondoo wa jirani alikuwa amebaki kichwa na kipande cha ngozi. Fisi. Ile namba ya dharura ya watu wa wanyamapori tuliipiga ikalia mpaka ikakatika. Leo kijana wa huyo jirani ameshinda juani akifunga taa za pikipiki kwenye ua, nami nikawakumbuka nyinyi mnaoishi kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi: Lang'ata, Tuala, Kitengela, Athi River. Leteni mlichotengeneza kwa mikono yenu, kilichofanya kazi na kilichoshindwa. Nadharia sitaki.

Mama Kuku, Kiserian
Kwangu adui ni kanu na nguchiro, wale wanyama wadogo wanaokula kuku. Kanu akipata upenyo wa kupitisha kichwa, mwili wote unafuata. Wavu mwembamba wa kuku haumzuii, nunua ule mzito wa matundu madogo. Na usiuishie juu ya ardhi: uchimbie futi moja, halafu uukunje kuelekea nje. Nguchiro anachimba pale pale ukutani, akigonga wavu anaanza upya pale pale. Hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili. Tangu nifanye hivyo vifaranga wangu wanakua.

Ghorofa ya Pili, Parklands
Sisi tunasumbuliwa na kima kutoka City Park. Wanafungua dirisha la kuteleza, wanachagua ndizi mbivu na kuacha mbichi. Keateka, mwangalizi wa nyumba, aliambiwa, akasema amemwambia landilodi. Landilodi akasema wanyama ni wa serikali. Nilichukua sensa ya taa ya usalama, ile inayowaka mtu akipita, nikaiunganisha na honi ya gari na betri kuukuu ya volti 12. Wiki ya kwanza walitoroka mpaka mtaa wa pili. Sasa wanaikalia.

Fundi wa Luthuli
Honi moja, mahali pamoja, sauti ile ile, lazima wazoee. Ihamishe kila baada ya siku chache.

Ghorofa ya Pili, Parklands
Majirani ndio hawajazoea.

Mlinzi wa Usiku, Karen
Ning'iniza CD za zamani, ziwe zinameremeta.

Mama Kuku, Kiserian
CD ni za ndege. Kima ataichukua ajitazame.

Ua Imara, Athi River
Mnajisumbua bure. Mimi nimezungusha waya mtupu juu ya ukuta, nikauingiza kwenye soketi ya stima. Hakuna fisi aliyerudi. Bei yake ni ya waya tu.

Fundi wa Luthuli
Ndugu yangu, toa huo waya leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Hizo ni volti 240 zinazotiririka bila kukoma. Mtoto akirusha mpira, mtu wa maziwa akishika ukuta uliolowa mvua, huna la kumwambia mama yake.

Ua Imara, Athi River
Mbona matajiri wa Karen wana fensi za stima na hakuna anayewakemea? Sisi tukifanya inakuwa dhambi.

Fundi wa Luthuli
Kwa sababu fensi yao haikuchomekwa kwenye soketi. Kuna mashine inayotoa mpigo mmoja kama kila sekunde. Volti ni maelfu, lakini mpigo unadumu muda mfupi mno, kwa hiyo mnyama au mtu anashtuka na kupata nafasi ya kuachia. Stima ya nyumbani haiachi. Misuli inakaza, mkono unang'ang'ania waya. Mimi nimewahi kuitwa kukata umeme mahali ambapo mtu alikuwa ameshika waya wa namna hiyo. Sitasimulia zaidi.

Ua Imara, Athi River
Sawa. Hiyo mashine inauzwa wapi?

Dada wa Tuala
Mada hii imenirudisha mbali. Nilikuwa sitaki kuandika, lakini hiyo habari ya simu inayolia mpaka ikakatika imenichoma.

Baba alikuwa ameenda matangani Namanga. Nyumbani tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa kidato cha pili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na sisi wa huku tunaijua hatari yake: nyasi zikiota kila mahali, nyumbu na pundamilia wanatawanyika hadi nje ya mbuga, simba anakosa windo la karibu, macho yake yanageukia mazizi. Zizi letu lilikuwa la miiba pande tatu na mabati upande mmoja. Mdogo wangu alikuwa amefunga taa nne za kuwaka na kuzima, akitumia betri kuukuu ya trekta na paneli ndogo ya sola.

Kama saa tisa usiku nikasikia ng'ombe wamegeuka wote kwa pamoja. Mtu ambaye hajawahi kulala karibu na zizi haijui sauti hiyo. Kwato zote mara moja, halafu kimya, halafu unasikia wanapumua kwa pua. Nilichungulia dirishani. Simba jike alikuwa amekaa nje ya lango, mkia unapiga chini, anatazama taa.

Na taa zilikuwa zinakufa. Wiki nzima bila jua, paneli haikuwa imeingiza kitu. Badala ya kucheza, zilikuwa zinawaka polepole, kisha moja ikabaki imeganda na mwanga wa manjano. Jike akainuka.

Mimi niko kwenye simu. Awamu hii ilishikwa. Sauti ikaniambia, "Madam, gari liko nje, subirini, msitoke." Nikauliza litarudi saa ngapi. Ikarudia: subirini. Mama hakusubiri. Alichukua mchi akaanza kupiga mabati kutoka ndani ya ua huku akiita majirani kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Mdogo wangu alikuwa chini ya pikipiki ya baba, spana mkononi, simu yake ameiuma kwa meno imulike, anafungua betri. Nati ya pili ilikuwa na kutu. Namsikia akisema tu, "Funguka, funguka."

Jike alikuja mpaka kwenye miiba. Akanusa. Ng'ombe wakasukumana upande wa mabati, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko yote, maana simba hahitaji kuingia. Ng'ombe wakivunja zizi wenyewe watamkuta nje. Mabati yalianza kupinda.

Betri ikafungwa. Taa zikaanza kucheza tena, tak, tak, tak. Jike akarudi nyuma, lakini hakuondoka. Alizunguka. Akaenda moja kwa moja kwenye ile kona ya mabati isiyokuwa na taa! Mdogo wangu aling'oa taa moja pamoja na waya wake, akawa anakimbia nayo ndani ya ua, huku na huko, kila anakoelekea jike. Walifuatana hivyo mpaka majirani wakatokea na tochi zao na kelele. Ndipo akaenda zake.

Gari la ofisi lilifika kesho yake mchana. Swali la kwanza: nani aliwaruhusu kufunga nyaya hizi? Wakapiga picha. Hawakuwaulizia ng'ombe. Mama aliwaandalia chai, wakanywa, wakaahidi kuleta fomu.

Mkaazi wa Rongai (mwenye mada)
Jamani. Huyo mama apewe heshima yake.

Bodaboda wa Kitengela
Kijana wa kidato cha pili! Na mimi hulalamika nati ya pikipiki mchana kweupe.

Mama Kuku, Kiserian
Ng'ombe hakuna aliyeumia?

Dada wa Tuala
Ndama mmoja alikanyagwa mguu. Alipona, sasa anakamuliwa.

Askari Mstaafu
Pole dada. Nimewahi kuvaa sare ya wanyamapori kwa hiyo niseme kidogo. Usiku gari moja linaweza kuwa linangojewa Lang'ata, Rongai na Isinya kwa pamoja. Na simu nyingine ni za uongo au za hofu. Mei 2022 huko Kinyana, Meru, askari waliitwa na silaha kuhusu simba kwenye ua wa miti, kumbe ni mfuko wa dukani wenye picha ya simba, ndani umewekwa miche ya parachichi. Lakini walienda, kwa sababu huwezi kujua. Endeleeni kupiga simu, hata kama taa zenu ni nzuri.

Bodaboda wa Kitengela
Mkuu, walienda kwa mfuko, Tuala wakachelewa kwa simba mwenyewe. Na wakija huja na bunduki. Mohawk alipigwa risasi hapo Isinya, Machi 2016, mchana, watu wakitazama. Simba aliyejulikana kwa jina, Nairobi nzima ikalia.

Askari Mstaafu
Iliniuma pia. Ila umati ule ulikuwa umemzunguka kwa saa nyingi, mawe, honi, watu wa kupiga picha. Simba aliyekosa njia ya kutokea hurukia watu. Ukimwona mchana, ondoka na uwaondoe wengine. Hilo linaokoa simba na binadamu.

Mkulima wa Simu
Niseme ukweli ambao hampendi. Nyinyi ndio mmejenga kwenye njia ya wanyama. Mbuga ina fensi pande tatu, upande wa kusini uliachwa wazi ili wavuke Mto Mbagathi waende nyanda za Kaputiei, mkajaza ploti za hamsini kwa mia.

Dada wa Tuala
Mbuga ilitangazwa 1946. Babu yangu alikuwa anachunga hapo ndani kabla ya hapo. Aliyekata ploti hizo si mama yangu, na waliozinunua wengi wao wanaishi mjini, wamezungusha waya na kuacha ardhi tupu. Sisi zizi letu tumeliacha bila fensi ya nje mpaka leo, pundamilia wanapita.

Mkulima wa Simu
Sikukusudia wewe.

Bodaboda wa Kitengela
Ulimkusudia nani sasa?

Mwalimu wa Sayansi, Kajiado
Tusigombane. Wadogo wajue kwamba hizi taa zina mwanzo wake huku huku. Richard Turere wa Kitengela alizibuni akiwa mtoto, miaka 11. Kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga. Kwanza alijaribu moto, ukawa unamsaidia simba kuona zizi. Akajaribu kinyago cha kutisha, siku ya kwanza simba wakageuka wakaenda zao, siku ya pili wakagundua hakisogei. Kisha usiku mmoja akizunguka na tochi akaona hawakuja, akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, kifaa cha indiketa cha pikipiki na balbu za tochi zilizovunjika. Mwaka 2013 aliitwa California kuelezea ubunifu huo. Huwa nawaambia wanafunzi wangu: alianza kwa kufungua redio ya mama yake.

Mzee wa Isinya
Taa ni nzuri, wajukuu, nami ninazo. Ila simba wa kwetu sasa wanakuja mchana malishoni, ambako hakuna taa. Mchungaji asiwe mtoto peke yake, na mbwa wawe zaidi ya mmoja.

Ghorofa ya Pili, Parklands
Na fisi? Fisi anaogopa taa?

Mzee wa Isinya
Kidogo tu. Dawa ya fisi ni ukuta.

Mlinzi wa Usiku, Karen
Wekeni redio zizini, kituo cha watu wanaobishana usiku kucha. Wanyama wengi wanaogopa sauti za watu.

Mama Kuku, Kiserian
Na betri ya redio italipwa na nani? Mimi nasema mbwa.

Chumba cha Mabati, Syokimau
Angalieni hizo taa nyeupe msizielekeze dirishani. Baada ya mvua zinavuta wale wadudu wa Nairobi flai. Mwanangu alimpangusa mmoja shingoni akiwa usingizini, asubuhi ngozi ilikuwa nyekundu na malengelenge kama ameunguzwa na pasi. Yule mdudu haumi, sumu iko ndani ya mwili wake, ukimponda ndiyo inatoka. Mpulize aondoke, kisha uoshe kwa sabuni na maji, na usiguse macho kabla ya kunawa.

Bodaboda wa Kitengela
Asante, hilo sikulijua. Mimi huwaponda.

Mkaazi wa Rongai (mwenye mada)
Dada wa Tuala, mdogo wako anaweza kutuchorea jinsi alivyounganisha? Kijana wa hapa amefunga taa za LED na flasha ya pikipiki, kile kifaa cha indiketa, zinawaka bila kuzima.

Dada wa Tuala
Nimemuuliza, anasoma umeme sasa chuoni. Anasema flasha ya kawaida inataka balbu zinazokula umeme wa kutosha ndipo icheze. LED zinakula kidogo mno, kwa hiyo inaganda au inakimbia ovyo. Tafuta flasha ya LED, au changanya na balbu moja ya zamani ya indiketa. Mpangilio: paneli, kisha chaji kontrola (kifaa cha kudhibiti chaji), kisha betri. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Halafu swichi, flasha, taa. Taa zote zitazame nje, na zisipigwe na flasha moja, weka mbili zenye mwendo tofauti ili ionekane ni watu wawili wanatembea. Kona isiyo na taa usiiache. Na betri ya volti 12 ikishuka chini ya volti 10.5 inaharibika, kwa hiyo msimu wa mvua weka ya pili iliyojaa chaji.

Mkaazi wa Rongai (mwenye mada)
Flasha ya LED ni bei gani?

Fundi wa Luthuli
Uliza maduka ya spea za pikipiki, Kirinyaga Road, usikubali bei ya kwanza. Na mwambie kijana afunge viungio kwa solda, asivisokote kwa mkono. Mvua ikiingia hapo, usiku mmoja tu taa zimezima.

Ua Imara, Athi River
Fundi, nimetoa ule waya. Nitumie maelezo ya hiyo mashine ya mpigo.