Vanishi gani inavumilia jua la Kisumu?

Mchoraji Kondele: Wasee, nilichora bango la kinyozi kwa mabati na rangi ya mafuta nikamalizia na vanishi ya mbao, miezi minne tu nyeupe imekuwa rangi ya chai na kona inabambuka. Nipake nini?

Fundi Milimani: Vanishi ya mafuta lazima igeuke njano boss. Kwangua yote na msasa, upake klia ya akriliki (vanishi angavu isiyo na rangi) yenye kinga ya UV, miale ya jua, tabaka mbili nyembamba, sio moja nzito.

Wa Nyalenda: Na juu ya stika ya kuprinti?

Fundi Milimani: Chunga thina ya kuzimua klia, inaweza yeyusha wino, jaribu kakona kwanza. Ile klia ya gari ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha) usipulize na maski ya kitambaa tu, utaumiza mapafu.

Mchoraji Kondele: Sawa, mwenye kinyozi ananipigia tangu asubuhi