Mrejesho: wasifu wa shangazi, mkutubi mstaafu aliyependa muziki

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kuandika wasifu wa marehemu shangazi, aliyestaafu kazi ya maktaba. Mkaniambia niache orodha ya vyeo, nieleze alivyoishi. Asanteni sana, nimefanya hivyo.

Nilianza na santuri zake. Alizipanga kwa mfumo wa Dewey, ule wa maktaba unaoipa kila mada namba yake, kama vitabu kazini: muziki ni 780, ndani yake 782 za waimbaji, 787 za ala za nyuzi. Zote zilisimama wima, kwani zikirundikwa hupinda. Kila jalada lilikuwa na kadi ya majina ya walioazima. Nilipofika hapo nikiusoma wasifu msibani, waliowahi kuazima wakaanza kunyoosha mikono, wengine wakilia. Mmoja alisema shangazi hakumdai faini hata siku moja, alimuuliza tu ni wimbo gani uliomgusa.

Tulipiga nyimbo alizozipenda mwenyewe, za furaha, na naamini ndivyo ilivyostahili.

Santuri bado tunazijadili. Baba wadogo wanataka zigawanywe. Mimi nataka zibaki pamoja, zikabidhiwe maktaba. Aliyewahi kukabidhi mkusanyiko wa namna hii anieleze alianzia wapi.