Mtu anakaa kwenye kiti changu, anabonyeza kitufe kimoja, halafu ananiambia "nimekusaidia"!

Wakuu, naandika nikiwa nje ya ofisi, mikono inatetemeka na chai imenishinda. Huyu mtu mnamjua, msiniulize jina. Yule anayeingia huku anazungusha funguo za gari kidoleni, kila kitu cha mtandaoni kwake "ni rahisi tu", na akisogelea kompyuta hata feni inaacha kuzunguka kwa hofu.

Leo saa 3 asubuhi, mbele ya ofisi nzima, sambusa mdomoni, kaniambia: "Nimekusaidia."

Nimekusaidia!

Tunachimba visima hapa Dodoma, na mimi ndiye ninayesimamia akaunti yetu ya Google Ads, yale matangazo ya kulipia ya Google. Nilivyokabidhiwa ilikuwa jalala. Nimekaa wiki tatu naandaa mabadiliko 43 kwenye Google Ads Editor, ile programu unayopangia kila kitu kwenye kompyuta yako na hakuna kinachokwenda hewani mpaka ubonyeze kuchapisha. Yote 43 yalikuwa na zamu. Nilikuwa nayaacha yasubiri kwa makusudi!

Cha kwanza kilikuwa kipimo. Akaunti yetu inamhesabu mteja kila anayefungua ukurasa wa "Wasiliana nasi". Mtu kafungua, kaona namba, kafunga, kalala: mteja huyo! Sasa ukiiachia Google ipange dau yenyewe (yaani bei unayokubali kulipia mtu akibofya) kwa kutumia kipimo cha namna hiyo, itakutafutia watu wa kufungua na kulala, na itawapata kwa wingi, maana ndicho ulichoiagiza. Kipimo kinarekebishwa kwenye tovuti, na fundi wa tovuti alikuwa bado hajamaliza.

Halafu kuziba panapovuja. Ukifungua ripoti ya maneno ambayo watu wameandika kabla ya kubofya tangazo letu unaweza kulia. "Ajira kampuni za visima." "Jinsi ya kuchimba kisima kwa mkono." "Kuota unachimba kisima maana yake nini." Tunalipia ndoto za watu, wakuu! Nilikuwa na maneno zaidi ya mia mbili ya kuzuia, yako kwenye Excel, sijayaingiza bado. Na mpangilio wa mahali ulikuwa umeachwa ule wa kawaida, unaoonyesha tangazo hata kwa mtu asiyekuwepo Dodoma alimradi ameonyesha kuvutiwa na Dodoma. Mtu yuko Muscat anasoma habari za nyumbani, tunamwonyesha mtambo wa kuchimba.

Bajeti, kutoka dola 20 kwa siku kwenda 60, ilikuwa ya mwisho kabisa. Nilishaiandaa ikae tu. Nikaandika karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika juu ya skrini: BAJETI MWISHO.

Ijumaa nikapigiwa simu, msiba Kondoa. Nikaondoka mbio, kompyuta nikaiacha wazi. Huyu bwana kapita, kakaa kwenye kiti changu, kaona mabadiliko 43 yanasubiri. Programu ikamuuliza, kampeni ulizochagua au zote? Kachagua zote. Karatasi inamtazama usoni. Kabonyeza.

Basi vilivyotakiwa kufuata vikatangulia. Bajeti imepanda mara tatu, dau linajipanga lenyewe, maneno yamefunguliwa kwa ulinganishi mpana (tangazo linatokea hata mtu akiandika kitu kinachokaribiana tu na maneno yetu), na hakuna hata neno moja limezuiwa. Na mjue, ukiweka dola 60 kwa siku Google inaruhusiwa kutumia mpaka 120 siku moja. Inabanwa na mwezi tu, usizidi bajeti ya siku mara 30.4. Kuanzia Ijumaa jioni mpaka leo asubuhi zimeondoka dola 231. Simu zimeingia tisa. Sita wanatafuta kazi, mmoja anatuuzia mtambo, mmoja kakosea namba, na wa mwisho ni mama mmoja aliyeota anachimba kisima, anataka tafsiri.

Nikamfuata, nikamuuliza kwa adabu zote, bosi, yale mabadiliko umeyarusha kwa nini? Sambusa haijatoka mdomoni: "Si yalikuwa yanasubiri? Nimekusaidia."

Wiki tatu! Kutoka kwenye msiba! Kwenye kiti changu! Nimekusaidia!

Mzee wa Siti ya Mbele: Nimewahi siti. Ngoja waje.

Kapuku Halisi: Pole mkuu. Ila dola 231 si ndo mahari kabisa hiyo.

Dada wa Matangazo: Pole sana ndugu yangu, mimi nimekuelewa neno kwa neno. Kosa la huyo mtu si kubonyeza tu. Mabadiliko 43 yakienda kwa mkupuo, hata kama yote ni mazuri, hutajua lipi limeleta nini. Na ukishabadilisha namna ya kupanga dau mfumo unaanza kujifunza upya, siku kadhaa namba zinayumba. Hapo umerudi sifuri.

Ngosha_Mkavu: Mleta mada, umeacha kompyuta wazi siku tatu, unalia nini? Ungeifunga.

Mleta uzi: Ngosha_Mkavu nilikuwa nakwenda KUZIKA. Mtu akienda kuzika unakaa kwenye kiti chake?

Ngosha_Mkavu: Kwani kiti ni cha baba yako? Cha kampuni hicho.

Mchaga wa Kibororoni: Hahahaaa kiti kimemuuma kuliko hela. Kuna historia ya mabadiliko kwenye akaunti, si uingie utendue?

Mleta uzi: Nimetendua asubuhi hii, mengine kwa mkono moja moja. Hela nazitendua vipi? Na ile "nimekusaidia" naitendua vipi? Alisema mbele ya dada wa mapokezi!

Kapuku Halisi: Ahaa, kumbe kuna dada wa mapokezi. Sasa uzi umenoga.

Mama Vitenge: Heri yako wewe. Mimi natangaza vitenge vya mteja mmoja hivi, kila asubuhi anaandika Google jina la duka lake na kubofya tangazo lake mwenyewe "ahakikishe lipo". Anabofya yeye, mke wake, na watoto kabla ya kwenda shule. Nimemwambia kuna sehemu ndani ya akaunti ya kuliona tangazo bila kulipia, anasema haiamini. Mwisho wa mwezi ananiuliza mbona hela zinaisha na wateja hawaji.

Dada wa Matangazo: Mama Vitenge umenikumbusha wangu mimi, ana ugonjwa wa ile alama ya uboreshaji, asilimia ambazo Google inaipa akaunti yako pamoja na mapendekezo ya kuipandisha. Kaikuta 61, hataki kulala mpaka isome 100. Anakubali kila pendekezo, asubuhi bajeti imeongezeka, jioni maneno mapya. Nikamwonyesha kwamba hata ukilikataa pendekezo alama inapanda vilevile, akanuna wiki nzima.

Mzee wa Siti ya Mbele: Mbona hamjamtaja kampuni gani? Ukisikia Dodoma na visima wapo wengi.

Mleta uzi: Sitaji. Wanaomjua wanamjua. Turudi kwenye mada, wakuu. Hivi ninyi mngejibu nini mtu akikwambia "nimekusaidia" na dola 231 zimeungua?

Babu Kizota: Mimi sijui mambo ya matangazo ila kwa visima mmenigusa pabaya. Mwaka juzi kuna watu walikuja na mtambo, wakapima pima na waya zao, wakaniambia hapa mzee maji yapo mita 80. Nikalipa. Wakachimba mpaka 110, maji yakatoka, nikachinja mbuzi. Kuonja, chumvi! Chai haiivi, sabuni haitoi povu, na ng'ombe wananiangalia kama nimewatukana.

Ngosha_Mkavu: Babu, Dodoma chumvi ni kawaida, ulitaka soda?

Babu Kizota: Kijana, ningeambiwa mapema nisingechinja mbuzi.

Mchaga wa Kibororoni: Hapo kwenye mbuzi nakuunga mkono mzee. Wangekuambia upeleke maji yakapimwe kabla hujasherehekea.

Mama Vitenge: Sisi kwetu walichimba wakakuta pakavu, na hela wakachukua. Mkataba unasema unalipia mita walizochimba, maji ni bahati yako. Nilisoma mara tatu siamini.

Kapuku Halisi: Hiyo ya kulipia mita ndo ilivyo kote. Mimi waliniambia mita 60, ilipofika 60 fundi akaanguka magotini, "bosi maji nayasikia kabisa, tuongeze 20 tu". Tukaongeza. Akasikia tena. Mpaka tunafika 140 nilikuwa nimeuza pikipiki.

Dada wa Matangazo: Alisikia maji au alisikia pikipiki?

Mleta uzi: Wakuu, kaingia tena sasa hivi ofisini. Ananiuliza mbona matangazo yamepungua leo, "si niliyaweka sawa?" Jamani!

Babu Kizota: Mleta uzi, kwani ninyi mnapima kabla ya kuchimba? Na mita mnatoza bei gani?

Mama Vitenge: Na mimi niambie, kama mnafika Bahi.

Kapuku Halisi: Mkikuta chumvi mnarudisha hela?